Pembe ya Ng'

Saa nane usiku, Nkuhungu, umeme umerudi.
Feni inakohoa vumbi la mchana
nami narudia mstari wa arobaini na mbili:
chora kijiti, kipinde kwa pembe,
iachie nasibu iamue.

Sitaki fonti ya kupendeza.
Za kupendeza zipo tele,
zimekuja tayari, zimenyooshwa, zimenyolewa,
na zote, nakuapia, zinakwama kwenye neno moja:
ng'ombe.
Kile kialama cha juu zinakiacha kielee,
mara kimegeukia kushoto, mara kulia,
mara nafasi inaingia katikati,
ng upande huu, ombe kule,
mnyama kachinjwa kabla ya mnada.

Basi nikaiambia mashine: kajifunze shambani.
Nyaya za Hombolo,
ambako mama alipogoa zabibu miaka kumi na sita,
ndizo mistari yangu ya kukalia herufi.
Waya wa chini, miguu ya a na e na m.
Wa kati, mabega.
Wa juu hauguswi ila na warefu, h, k, l.
Kila kikonyo kitafute cha kushika.

Mbegu, ndivyo inavyoitwa ile namba ya kuanzia.
Namba ileile, mche uleule;
badili tarakimu moja
na m inaota magoti matatu, s inalala chali.
Nilipanda namba ya nyumba yetu, yakaota magugu.
Nilipanda tarehe ya mvua ya kwanza,
ile ambayo haikufuatwa na ya pili:
ikaota nusu ya alfabeti,
ikakaukia kwenye n.

Mia tatu na kumi, nimezihesabu, za g peke yake.
G yenye kitambi.
G iliyokatika mkia kama mjusi.
G ambayo binamu yangu Chilongani,
mchora mabango wa Majengo,
aliitazama, akasonya: "Hii imekunywa nini?"

Yeye hana mbegu. Ana brashi, kopo la rangi
na jicho moja analolifumba.
Hata akiandika DAWA ZA MIFUGO mara mia
hupati A mbili zinazofanana,
na hakuna anayeita nasibu.
Wanaita mkono.

Alhamisi nikakosea.
Palipotakiwa kutoa nikaweka kujumlisha,
msalaba mahali pa kijiti, basi,
na mkia wa g, uliozoea kushuka,
ukageuka, ukapanda mgongoni,
ukapita bega, ukachomoza
pembe.
Nilicheka peke yangu mpaka jirani akagonga ukuta.
Neno nililokuwa nalichapa tangu Januari,
pembe = nasibu(12, 70),
nililidhani la hesabu tu.
Kumbe lina mnyama ndani.

N na g sasa ni mwili mmoja, hakuna cha kuelea.
Ng'ambo. Ng'ombe.
King'ang'anizi anazo mbili,
kama anavyostahili.

Jumamosi Chilongani akaipeleka Msalato,
akaichora kwenye mlango wa banda la Sechelela,
NYAMA YA NG'OMBE, rangi nyeusi juu ya bati.
Hakuinakili. Pembe akaishusha kidogo:
"Yako inatazama juu kama ya swala."
Rangi ikiwa bado mbichi, upepo ukaja
na vumbi jekundu lote la mnadani.
Sasa pembe ina chembe, kila chembe na kivuli chake,
mambo ambayo sikuyaandika
na sijui ningeyaandikaje.

Sechelela alisimama, kisu mkononi,
akasoma kwa sauti, taratibu.
Hakusema nzuri, hakusema mbaya.
Aliuliza ni shilingi ngapi kuongeza NA MBUZI.

Nimerudi mstari wa arobaini na mbili.
Mbuzi ana pembe mbili
na jina lake halina hata moja.
Nimeanza na z.